Ombi la Serikali Kuchukua Bima, Kuanzia na Jiko Langu

Iddi Suleiman Chirau,
Mwabungo, njia ya Ukunda.
9 Machi, 1967.

Kwa Bwana Mkuu wa Wilaya,
Kwale.
Kupitia kwa Chifu.

Bwana Mkuu wa Wilaya,

Baada ya kukuamkia kwa heshima zote na kukuombea afya wewe na wote walio chini yako, mimi niliyetajwa hapo juu, msimamizi mstaafu wa ghala la kopra, mwenye mke mmoja ambaye kwa sasa hayupo, nyumba moja ya mabati na jiko moja lisilo na paa, naleta mbele yako malalamiko pamoja na dawa yake. Najua watu wengi hukuletea malalamiko matupu. Mimi sikulelewa hivyo.

Nimesikia katika redio ya Chome, mwenye duka letu hapa Mwabungo, kwamba majirani zetu wa ng'ambo ya Lunga Lunga mwezi uliopita wamezitwaa kampuni za bima na kuzifanya mali ya Serikali. Wenzangu dukani walishangaa. Mimi sikushangaa, nilisikitika tu kwamba jambo hilo limeanzia Tanzania wakati jiko lililoungua liko Kwale. Nasikia pia kwamba Serikali yetu imekwisha anzisha bima ya hospitali kwa ajili ya wenye mishahara. Ni vyema sana. Sasa naomba iteremke hadi kwa wenye makuti, tena iteremke kabla ya masika, kwa sababu hizi zifuatazo.

1. Kampuni haijui jiko ni nini.

Mwaka jana alifika hapa kijana mmoja nadhifu, Bwana Mramba, wakala wa kampuni moja ya Mombasa ambayo jina lake nalihifadhi kwa adabu. Alikuwa amevaa tai siku ya jua kali, nami nikaona kwamba mtu anayejitesa hivyo hawezi kuwa mwongo. Aliniuliza nyumba yangu ikiungua nitafanya nini. Nikamjibu kwamba sikuwahi kulifikiria jambo hilo. Akaniambia nilifikirie. Nilifikiri mpaka usingizi ukanipaa, na asubuhi nikatia sahihi. Akanipa kibati chekundu chenye jina la kampuni, nikakipigilia juu ya mlango. Imamu wetu nilimwuliza kama bima ni halali. Alisema ataangalia vitabuni, na mpaka leo anaangalia.

Jiko lilipoungua niliandika Mombasa. Bwana Mramba alikuja, akayazunguka majivu huku ameshika suruali yake isichafuke, kisha akanieleza kwa huruma ya kweli kwamba kilichokatiwa bima ni nyumba, na jiko limejitenga na nyumba, kwa hivyo si nyumba. Tena paa lake lilikuwa la makuti, na makuti mbele ya kampuni si paa. Ni kuni zilizopangwa vizuri.

Bwana Mkuu wa Wilaya, mimi naikumbuka kodi ya nyumba enzi za Mwingereza. Karani alipokuja kuhesabu, jiko la marehemu mama yangu lilikuwa nyumba kamili, na banda la mbuzi liliponea chupuchupu. Iweje jiko liwe nyumba siku ya kutozwa, lisiwe nyumba siku ya kuungua? Serikali haiwezi kusema maneno kama ya kampuni, maana kwanza imewahi kusema kinyume chake, na pili baraza la Chifu wetu limeezekwa makuti.

2. Kampuni ilinigombanisha na moto wangu mwenyewe.

Karatasi ya bima ilisema kwamba mwenye nyumba achukue hadhari zote kuhusu moto. Mimi nikitia sahihi, nimetia. Hapa kwetu tangu zamani, jirani ambaye moto wake umezimika huja na kigae kupalia makaa kwa mwenziwe. Haombi ruhusa, huamkia, hupalia, huenda zake. Jikoni kwangu vigae vilikuwa havikatiki asubuhi, kwa sababu mke wangu Mwanapili huamka kabla ya wote na moto wake haujui kuzimika. Nikaiona hatari. Cheche moja ikianguka uani, Mombasa wataniuliza mimi. Nikapiga marufuku.

Wa kwanza kukutana na marufuku hiyo alikuwa Bibi Kadzo, jirani yetu wa upande wa kisimani, kizee mjane, ambaye mama yangu aliponizaa ndiye aliyenikata kitovu. Alisimama mlangoni na kigae chake. Nilimpa shikamoo, akaipokea. Kisha nikamweleza kwa upole, kifungu baada ya kifungu, kwamba moto wangu sasa una mwenyewe Mombasa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, Iddi mwanangu. Lakini moto ukinyimwa huja wenyewe." Akageuka na kigae chake kitupu.

Nalitaja hili si kwa kumshtaki. Ni mtu mzima, na mambo ya bima hakuyasomea.

3. Kampuni ndiyo iliyoleta stovu.

Bwana Mramba alinishauri kwamba mafiga ni mambo ya kale na kwamba mtu aliyekatiwa bima hupikia stovu ya mafuta ya taa. Nikainunua. Mwanapili hakuitaka. Amepika kwa mafiga tangu nimwoe, amepika arusi na matanga, na hajaunguza hata pindo la leso yake. Alisema stovu ile inanguruma kama mtu mwenye kinyongo. Nikamwambia ataizoea. Siku moja alipokuwa akiipiga pampu ilitoa ulimi wa moto uliofika juu, na makuti yenyewe yalikuwa makavu ya kaskazi.

Majirani walikuja wote. Hilo lazima niliseme. Walikuja na ndoo na mchanga na matawi mabichi, na Bibi Kadzo alikuja na mtungi wa maji ya kunywa, ambayo ndiyo maji pekee yaliyokuwa nyumbani kwake saa ile. Wakaiokoa nyumba ya mabati. Wakamtoa Mwanapili na sufuria zake. Wakaikokota stovu hadi nje, ambako iliendelea kunguruma peke yake bila ya kuulizwa. Jiko halikuokoka. Wakatupa pole, wakaenda zao.

4. Bima imewatia majirani adabu kupita kiasi.

Kwa desturi yetu paa la mtu likienda, majivu hayajapoa, wanawake wamekwisha keti kushona makuti na wanaume wameingia msituni kutafuta boriti na fito. Kazi ya mwenye nyumba ni kutoa mchele na kusema ahsante. Safari hii nilingoja. Niliketi barazani mahali ninapoonekana. Nilikohoa. Watu walipita, wakaniamkia kwa huzuni, wakaniuliza kama watu wa bima wamefika kuezeka. Nikasema wako njiani.

Kumbe wao wanaona kazi ile ina wenyewe! Kwetu ni aibu kuidandia kazi ambayo mtu mwingine ameiahidi. Ni kama kuanza kupika arusini kabla upande wa bwana arusi haujaleta mchele. Kwa hivyo hakuna aliyegusa hata ufito mmoja. Zaidi ya hayo, wanawake wakiongozwa na Bibi Kadzo walifagia njia kutoka barabarani mpaka jikoni kwangu, na miiba ya kandokando wakaikata, ili gari la kampuni lisikwaruzwe. Kila asubuhi hufagiwa upya. Niambie, Bwana Mkuu wa Wilaya, ni nani angeweza kusimama katika njia safi namna ile akatangaza kwamba hakuna anayekuja?

Kwa uaminifu niongeze kwamba habari za bima watu walizisikia kwangu, tena mara nyingi. Niliwaambia msikitini, na matangani pia, pale palipotokea nafasi. Na jirani yetu Rai alipoezeka nyumba yake mimi sikwenda. Nilimpelekea salamu kwamba sasa nimekatiwa bima. Niliona si haki mtu mmoja alipe mara mbili, Mombasa kwa fedha na Mwabungo kwa mgongo. Hesabu hiyo hata leo naiona ni sahihi, ila haiezeki jiko.

5. Kampuni haina wa kugombezwa.

Bwana Mramba ni mtu mwema mno. Nikimkaripia hunipa kalenda. Ukutani kwangu pana kalenda za kunitosha mpaka nife, na zote zina picha ya mlima wenye theluji, kitu ambacho hakina msaada kwa mtu aliyeunguliwa. Nikiuliza ni nani aliyesema kwamba makuti ni kuni, huambiwa ni mkubwa wake. Na mkubwa wake ana mkubwa mwingine, na huyo yuko Ulaya. Serikali angalau mtu anaweza kuilalamikia, na ikinyamaza anajua imenyamaza ikiwa wapi. Mimi tangu uhuru nimeilalamikia Serikali mara kadhaa na kila mara nimepata nafuu, ingawa sijapata majibu.

6. Mke wangu yuko Msambweni.

Mwanapili alivumilia. Alipika uani, mkono mmoja umeshika mwiko na mwingine mwavuli wa kukinga jua. Mvua ya kwanza ya kubahatisha ilipoingia katika sufuria ya wali, alifunga nguo zake akaenda kwa kaka yake Msambweni. Hakugomba, na laiti angaligomba. Alisema tu, "Siku jiko likipata paa, nitumie salamu." Hata yeye sikumwambia kwamba kampuni imekataa. Anajua wako njiani.

Tangu aondoke nakula mkate na chai dukani kwa Chome, na nyumba ya mabati imekuwa kubwa kuliko nilivyoijenga. Namtaka mke wangu, Bwana Mkuu wa Wilaya. Nisamehe kwa kuliandika hili katika barua ya Serikali, lakini sikuona mahali pengine pa kuliandika. Na mawingu yameanza kukusanyika upande wa bahari, na kuta za jiko ni za udongo. Zikilowa zitaanguka, na hapo itakuwa si habari ya paa tena. Mwanapili hakutaja ukuta. Alitaja paa tu, kwa kuwa aliamini ukuta ninaweza kuutunza mwenyewe.

Sasa naja kwenye dawa.

Naomba bima itolewe mikononi mwa kampuni, iwe ya Serikali, na iendeshwe namna hii. Maafisa wake wakae papa hapa Mwabungo, wasitumwe kutoka Mombasa, kwa sababu moto haungoji basi. Waione nyumba ikiungua kwa macho yao, ili wasije wakaniuliza iliunguaje. Wasiwe mmoja au wawili. Jiko langu pekee linataka kijiji kizima, wanaume wanaojua kupanda paani na wanawake wanaojua kushona makuti. Wasilete fomu. Wasipime nafasi iliyopo kati ya jiko na nyumba. Malipo ya bima yasiwe ya fedha, maana fedha kwetu huja na msimu wa korosho na kuondoka nao. Kila mtu alipe kwa kazi, leo kwangu kesho kwake, na atakayekosa zamu yake akumbushwe lakini asitupwe. Jambo hili la kutotupwa naomba liandikwe kwa herufi kubwa.

Tena bima hiyo isiishie kwenye moto. Serikali ikishaingia, iingie mzima mzima. Iangalie mgonjwa anayetaka kuchukuliwa kwa kitanda hadi barabarani, na maiti anayetaka kuzikwa kabla ya adhuhuri. Iangalie arusi iliyopungukiwa sahani. Iangalie nyani walioingia shambani kwa mtu mwenye miguu mibovu. Iangalie na mwanamume aliyeachwa peke yake kwa sababu ya paa, na kwa kazi hiyo nashauri Serikali imwajiri mwanamke mtu mzima, mwenye maneno machache, amtumie mke salamu kwa namna ambayo mume hatalazimika kueleza chochote. Na kila afisa awe na moto nyumbani kwake, ili mwenziwe akizimikiwa ajue pa kwenda na kigae.

Maafisa wakimaliza kazi wapewe wali na mchuzi wa papa, wala wasikatae kwa kisingizio cha cheo.

Najua kazi hii inataka watu wa kipekee, na sijui Serikali itawatoa wapi. Mimi nimetazama huku na huku nikiwa barazani na sijawaona. Lakini nchi yetu sasa ni huru, na naamini ikitafuta kwa makini haitawakosa.

Nisikuchoshe zaidi. Wasalimie makarani wako wote, hasa yule atakayeifungua barua hii kwanza na kuamua kama utaiona. Msalimie dereva wako, na askari wa langoni, na mama watoto, na watoto wenyewe kila mmoja kwa jina lake. Msalimie na Chifu, ambaye barua imepitia kwake na bila shaka ameisoma. Ajue kwamba yale niliyoyasema kuhusu paa la baraza lake nimeyasema kwa mapenzi.

Ni mimi mtiifu wako, mwenye kungoja barazani,

Iddi Suleiman Chirau.

Nyongeza, Jumatatu. Barua hii niliipeleka dukani kwa Chome Ijumaa kutafuta stampu. Nilimwomba aipitie kwa kuwa amesoma kunizidi. Sikumwomba aisome kwa sauti, wala sikumwomba aisome wakati watu wametoka msikitini na duka limejaa. Alipofika kwenye kuni zilizopangwa vizuri walicheka. Alipofika Msambweni walinyamaza, na kunyamaza kwao sikukuweza. Nikaichukua barua yangu nikarudi nyumbani bila ya kutazama upande wowote.

Jana alfajiri niliamshwa na mapanga. Rai, yule Rai niliyempelekea salamu, alikuwa juu ya ukuta wa jiko langu akiniuliza kama boriti ile iliyobabuka naitaka au aitupe. Hakuniuliza jingine. Makuti yalikuwa yamerundikwa uani. Walikuwa wakiyashona majumbani mwao tangu Ijumaa jioni. Bibi Kadzo alikuwa ameketi chini, anamalizia ya mwisho. Nilimpa shikamoo. Akaipokea, akaniambia, "Ungetuambia mapema, Iddi. Tumefagia njia bure."

Adhuhuri ilipoadhiniwa jiko lilikuwa na paa. Wali ulipikwa kwa mafiga. Moto haukuwapo nyumbani kwangu, kwa kuwa mafiga yalikuwa baridi tangu Mwanapili aondoke. Bibi Kadzo aliuleta kwenye kigae kutoka kwake. Kigae kikampasukia mlangoni, pale pale nilipomsimamisha siku ile, na makaa yakamwagika miguuni pangu. Nikaking'oa kile kibati chekundu cha kampuni nikayazolea. Nimempa akae nacho. Kinabeba makaa vizuri sana, na ni haki kuisifu kampuni pale inapostahili.

Mwanapili alishuka kwenye basi alasiri. Sikumtumia salamu mimi, wala sikuulizwa. Aliingia jikoni, akatazama juu kwa muda mrefu, akaniuliza mwiko wake uko wapi. Kuku anatagia kwenye stovu.

Jioni nilimwuliza Bibi Kadzo nimlipe nini. Akasema, "Utanilipa siku ya moto wangu."

Kwa hivyo, Bwana Mkuu wa Wilaya, barua naituma kwa kuwa stampu nimekwisha ibandika, lakini dawa yangu uiweke kando. Serikali ikitaka kuzichukua kampuni na izichukue, ianzie Mombasa au Nairobi, popote ipendapo. Hapa Mwabungo isifanye haraka. Na nyumba ya Bibi Kadzo, ile ya makuti upande wa kisimani, naomba kwa unyenyekevu isikatiwe bima na mtu yeyote, iwe kampuni au iwe Serikali. Hiyo ni zamu yangu.